Siku Tatu Eldoret na Turbo: Baridi, Maziwa ya Kibuyu na Uamuzi wa Bibi



Juma hili ukurasa wetu wa nyumba na safari hauwapeleki Lamu wala Unguja. Unawapandisha juu, mbali na bahari, hadi Eldoret na mji wake mdogo jirani wa Turbo, katika Kaunti ya Uasin Gishu. Huenda mkauliza familia ya Pwani inafuata nini katika nchi ya mahindi na baridi. Jibu ni kwamba binti yetu alipangiwa nafasi ya kusomea uuguzi huko, naye Bibi, mama mzaa baba, akasema neno moja tu: hapana.

Bibi hakuikataa elimu. Yeye ndiye aliyeuza bangili zake ili wanawe wasome. Alichokikataa ni mahali. Mwanawe wa kike, ambaye binti yetu humwita Shangazi, aliolewa na mfanyabiashara wa nafaka wa Turbo, na mwanzoni mwa mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliozua fitina nchini, alirejea Mombasa na watoto wawili na nguo walizovaa. Alikaa kwa Bibi karibu mwaka mzima, kisha akarudi kwa mumewe. Tangu hapo Bibi aliapa kwamba hatatia mguu huko, wala hatampeleka mjukuu wake. Tulizungumza naye majuma mawili. Mwishowe akasema, "Basi nitakwenda mwenyewe. Nikishaona kwa macho yangu, nitasema." Ndivyo safari hii ilivyopatikana. Tulikuwa wanne: sisi wazazi wawili, binti yetu, na Bibi pamoja na kikapu chake, ambacho ndani yake mlikuwa na nazi sita na mbuzi ya kukunia.

Kupanda bara

Tulitoka Mombasa kwa gari la moshi la asubuhi, lile la Madaraka lililoanza kazi mwaka 2017, tukalala Nairobi kwa jamaa. Kesho yake tulipanda gari la abiria la kwenda Eldoret, mwendo wa kilomita mia tatu na kidogo kupitia Naivasha na Nakuru. Baada ya Nakuru barabara hupanda bila kuchoka. Ukifika Timboroa umepita mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na reli ya zamani iliyopita hapo ilijulikana kuwa miongoni mwa reli za juu kabisa katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza. Karibu na hapo barabara hukata mstari wa Ikweta. Vitabu vya jiografia vilitufundisha kwamba Ikweta ni joto. Bibi, aliyejifunika shali mbili juu ya buibui, alisema waandishi wa vitabu hivyo hawakupita Timboroa.

Kuhusu sala, tulifuata rukhsa ya msafiri kama tulivyofundishwa na masheikh wetu wa madhehebu ya Shafi. Safari ni ndefu kupita masafa ya kupunguza sala, nasi hatukunuia kukaa siku nne kamili, kwa hiyo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya. Jambo moja la kuzingatia ni kibla. Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini karibu moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu. Eldoret iko magharibi zaidi, kwa hiyo kibla chake ni kaskazini kwa kuinama kidogo upande wa mashariki. Ni tofauti ndogo, lakini anayesali katika chumba cha wageni ni vyema aijue.

Mji uliozaliwa katika shamba nambari 64

Eldoret si mji wa kale kama miji yetu ya mawe. Nchi yenyewe ni ya kale, nayo ilikuwa malisho ya Wasirikwa, Wamaasai na Wanandi kabla ya kugawanywa mashamba. Mwaka 1908 walifika Makaburu kutoka Afrika Kusini na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Serikali ya kikoloni iliyapa mashamba nambari, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika shamba nambari 64. Watu wakauita mji huo Sikisti Foo, na hata leo wazee wa Kikalenjin hulitamka jina hilo kwa namna yao, Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja baadaye, nalo linatokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto wa mawe. Husimuliwa pia kwamba benki ya kwanza ilijengwa kulizunguka sanduku la chuma la fedha, kwa sababu liliangushwa kutoka garini na hakuna aliyeweza kulinyanyua tena. Reli ilifika mwaka 1924, na biashara ikafuata reli.

Tarehe 15 Agosti 2024 Eldoret ilitunukiwa hati ya kuwa jiji, la tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Yule aliyezoea Mombasa ataliona jiji lenyewe kuwa la barabara chache zenye msongamano mkubwa: Barabara ya Uganda, ambayo ndiyo njia kuu ya malori yaendayo Malaba, mtaa wa Oginga Odinga, mtaa wa Kenyatta, na vichochoro vya maduka ya mbegu, mbolea na majembe. Mji huu unaishi kwa mahindi na maziwa. Maghala marefu ya nafaka huonekana kabla hujaingia mjini, kama sisi tunavyoona minara kabla ya kufika Mji wa Kale.

Katikati hupita mto Sosiani, unaotoka katika misitu ya upande wa Kaptagat. Tulisimama darajani, na binti yetu akamweleza Bibi kwamba maji hayo huungana na mto Kipkaren huko upande wa Turbo, kisha Nzoia, kisha Ziwa Viktoria, na ziwa hilo ndilo linalotoa mto Naili. Bibi aliyatazama maji yale ya rangi ya udongo kwa muda mrefu. "Kwa hiyo haya yanakwenda Misri," alisema, "kwa Nabii Yusuf." Hilo lilikuwa neno la kwanza la upole kulisema tangu tuondoke Mombasa.

Tulipita pia karibu na Rivatex, kiwanda cha nguo kilichoanzishwa mwaka 1976, kikaporomoka, na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili kifufuliwe na wanafunzi wajifunze ndani yake. Sisi watu wa leso hatuna budi kukiheshimu kiwanda kinachoanza na pamba na kuishia na nguo.

Lakini mahali tulipotaka kupaona zaidi ni hospitali kuu ya rufaa. Ilianza mwaka 1917 kama zahanati kubwa ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika, na leo ni hospitali ya taifa ya mafunzo na rufaa ambayo wagonjwa huijia kutoka magharibi yote ya Kenya. Tulisimama nje ya lango saa ya zamu kubadilishana. Bibi alihesabu. Katika muda tuliosimama pale aliona wauguzi na wanafunzi sita waliovaa mtandio juu ya sare. Hakusema kitu, lakini tulimwona anahesabu kwa vidole ndani ya buibui.

Kula mjini

Mama wengi wanaposafiri bara huogopa chakula kuliko baridi, nao wana haki. Tunasema tulichokiona. Eldoret ina jamii ya Waislamu ya miaka mingi, Wasomali, Waswahili, Wahindi na wenyeji waliosilimu, na karibu na msikiti mkuu wa Jamia mlo wa halali si wa kutafutwa kwa tochi. Tulikula wali wa Kisomali wenye nyama ya mbuzi, ulioletwa pamoja na ndizi mbivu nzima kando ya sahani. Bibi aliuliza ndizi hiyo ni ya sasa au ya baada ya chakula. Mhudumu, kijana mwenye adabu, akamwambia, "Ni ya sasa, Bibi. Unakata kipande, unakula na wali." Akajaribu. Akasema wali umepungukiwa na iliki, lakini ndizi haikukosea.

Kuhusu nyama choma, ambayo ndiyo fahari ya miji ya bara, tahadhari ni hii. Katika machinjio mengi ya miji ya Kenya anayechinja ni Mwislamu, ili nyama ifae kwa kila mnunuzi, na hilo ni jambo la kushukuru. Hata hivyo msiridhike na desturi. Ulizeni kwa upole, nani amechinja, na je, jiko hili huchomewa nguruwe? Wenyeji hawachukii kuulizwa. Mmoja alitujibu kwa uaminifu kwamba kwake hapafai sisi, akatuonyesha kwa jirani yake. Uaminifu wa namna hiyo ni amana, na tulimwombea heri.

Chai ya huko ni maziwa zaidi kuliko maji, tamu na nzito, nayo hunywewa kila saa kwa sababu ya baridi. Mahindi huchomwa kando ya njia mwezi huu wa Agosti, yakiwa bado laini. Yetu ya Pwani huwa na ndimu na pilipili, yao hayana kitu, na mahindi yenyewe ni matamu kiasi kwamba hatukuikumbuka ndimu. Maparachichi huuzwa kwa ndoo.

Iten, na habari za Japani

Siku ya pili asubuhi tulikwenda Iten, mwendo wa kilomita thelathini na kitu kutoka Eldoret. Huu ndio mji mdogo wenye lango lililoandikwa kwamba ndipo nyumbani kwa mabingwa, nao hauongezi chumvi. Uko mita 2,400 juu ya bahari, na hewa nyembamba ya huko ndiyo inayoyazoesha mapafu ya wakimbiaji. Ukisimama ukingoni unaliona Bonde la Kerio chini yako, ardhi imekatika ghafla kama ukuta wa ngome, na mawingu yakipita chini ya miguu yako.

Tuliyakumbuka mashindano ya Olimpiki ya Tokyo. Mbio za marathoni za mwaka 2021 hazikukimbiwa Tokyo. Waandaaji walikimbia joto la jiji hilo na kuzipeleka Sapporo, kaskazini mwa Japani. Huko Peres Jepchirchir alishinda kwa wanawake tarehe 7 Agosti, na kesho yake Eliud Kipchoge akashinda kwa wanaume. Kipchoge amefanya mazoezi miaka mingi kambini Kaptagat, jirani na Eldoret. Yeye ndiye aliyekimbia kilomita 42 na kitu chini ya saa mbili huko Vienna mwaka 2019, ingawa mbio hizo hazikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi. Naye Jepchirchir alishinda akiwa mama wa mtoto aliyemzaa mwaka 2017. Faith Kipyegon, bingwa wa mita 1,500, vilevile alijifungua mwaka 2018 na kurudi kushinda dhahabu Tokyo. Tunayataja haya kwa ajili ya mabinti waliokwisha kuambiwa kwamba mwanamke akizaa safari yake imekwisha.

Kuna pia Lornah Kiplagat, mkimbiaji aliyetumia fedha zake za ushindi kujenga kituo cha mazoezi hapo Iten, kwa nia ya kuwapa wasichana mahali salama pa kujinoa. Mwenendo wa mavazi ya wakimbiaji si wetu, na hatukuficha hilo kwa binti yetu. Lakini mwanamke anayepata mali kisha akakumbuka wasichana wasio na mahali pa kulala, jambo hilo tunalifahamu na tunalitukuza. Bibi alikaa juu ya jiwe na kikombe cha chai, akawatazama wasichana wakipanda mlima kwa mbio. "Hawa," alisema, "mama zao pia waliwaachia waende."

Turbo

Alasiri ya siku hiyo tulikwenda Turbo. Ni kama kilomita 35 kaskazini magharibi ya Eldoret, juu ya barabara ile ile ya Uganda. Njia nzima ni mahindi pande mbili, kisha miti iliyopandwa kwa mistari kama watu katika safu za sala. Misitu hiyo ilipandwa kwa ajili ya kiwanda cha karatasi cha Webuye, ambacho kilifungwa mwaka 2009. Turbo yenyewe ni mji wa soko na malori. Wanandi, Waluhya, Wakikuyu na wengine wanauziana hapo nyanya, mahindi, viatu na vifaranga.

Shangazi alitupokea mlangoni. Hatutaeleza namna Bibi na mwanawe walivyosalimiana, kwa kuwa si la kuandikwa. Tutasema tu kwamba kabla ya kukaa, Bibi alizunguka nyumba yote, chumba kwa chumba, akagusa kuta.

Ukweli wa mahali hapa lazima usemwe, maana msomaji mwenye binti anastahili ukweli. Mwanzoni mwa mwaka 2008 Eldoret na viunga vyake vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi nchini. Tarehe 1 Januari kanisa la Kiambaa, nje kidogo ya mji, lilichomwa na watu waliokuwa wamekimbilia ndani, wengi wao kina mama na watoto. Uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Eldoret uligeuka kambi ya maelfu. Tume iliyochunguza ilihesabu watu zaidi ya 1,100 waliouawa kote nchini katika majuma yale. Shangazi na watoto walilala siku tatu katika uwanja wa kituo cha polisi kabla ya kupata lori la kwenda Nakuru.

Jioni aliingia jirani, mama wa Kinandi wa umri wa Bibi, ambaye watoto wa nyumba ile humwita Kogo, yaani nyanya. Alisalimu kwa lugha yake, "Chamgei," nasi tukafundishwa kujibu "Chamgei mising." Alikuwa amebeba kibuyu. Alipotoka kuchukua vikombe Shangazi alisema, bila kunyanyua sauti, "Mama, huyu ndiye aliyeweka cherehani yangu."

Tulikuwa tumewahi kuisikia habari hiyo kwenye simu, lakini Bibi hakuitilia maanani. Nyumba ilipovunjwa, milango, mabati na magodoro yalichukuliwa. Kogo aliiburuta cherehani usiku na mwanawe, akaifukia ghalani chini ya mahindi, akaikalia miezi kumi. Kama ingeonekana, wangemuuliza anamhifadhia nani. Shangazi aliporudi hakukuta kijiko, ila alikuta cherehani, na kwa cherehani hiyo alianza tena. Ipo hadi leo karibu na dirisha.

Bibi alinyamaza. Kisha akauliza swali ambalo sisi hatukuthubutu. "Na yakirudi je?"

Shangazi hakumdanganya mama yake. "Sikuahidi, Mama. Kila mwaka wa uchaguzi tunafunga begi moja na kuliweka nyuma ya mlango. Chaguzi zimepita, begi halijabebwa. Lakini tunalifunga." Akaonyesha kiwanja cha upande wa pili wa njia, ambapo mahindi yamemea katikati ya msingi wa nyumba. Wenyewe hawakurudi.

Maziwa ya kibuyu na mboga ya kulazwa

Asubuhi ya mwisho ilikuwa ya jikoni, nayo ndiyo zawadi tunayowaletea.

Kibuyu cha Kogo kilikuwa na mursik, maziwa ya mgando yajulikanayo kwa Wakalenjin wote na ambayo wakimbiaji hupokewa nayo uwanja wa ndege wanaporudi na ushindi. Kibuyu husafishwa, kisha husuguliwa ndani kwa kijinga cha mti maalumu, ambao wenyewe huuita senetwet, hadi mkaa wake ushike pande zote. Maziwa yaliyochemshwa na kupozwa humiminwa ndani, kibuyu kikafungwa na kuachwa siku kadhaa. Hutoka yameganda, yenye rangi ya kijivu na harufu ya moshi. Mkaa huo huyahifadhi na kuyatia ladha. Sisi tuliuliza lililotupasa kuuliza, kwa sababu zamani baadhi ya wafugaji wa nchi hizi walikuwa wakichanganya maziwa na damu, na damu iliyomwagika ni haramu kwetu. Kogo alicheka. Akasema kwake ni maziwa na mkaa tu. Mkipewa popote, ulizeni hivyo hivyo. Na msiyachanganye na busaa, ambayo ni pombe ya nafaka. Rangi na vyombo vyaweza kumpoteza mgeni.

Mboga ni mgagani, ule ule umeao penye uwanja na samadi, wenye uchungu kidogo. Kogo huupika hivi. Majani huchambuliwa na kuoshwa, huchemshwa kwa maji yenye chumvi mpaka yalainike, na maji ya uchungu humwagwa. Kisha huongezwa maziwa, au malai kama yapo, na chungu kikaachwa motoni kwa moto mdogo mpaka maziwa yaingie ndani ya majani. Hapo hailiwi. Hufunikwa ikalazwa hadi kesho, ikapashwa tena na kuongezwa maziwa kidogo. Uchungu huondoka, ikabaki ladha nzito. Huliwa na ugali wa wimbi, mweusi na laini.

Bibi aliikaza macho sufuria. Ndipo akavuta kikapu chake, akatoa mbuzi, akaikalia, akaanza kukuna nazi. Kogo hakuwa amewahi kuiona mbuzi ya kukunia, akainama kuitazama meno yake. Bibi akakamua tui la kwanza na la pili, akatia kitunguu na nyanya kidogo, akaweka nusu ya mgagani uliokwisha kuchemshwa katika tui la pili, akamalizia na tui zito bila kuliacha litokote kwa nguvu ili lisikatike. Vyungu viwili viliwekwa pamoja mezani. Tuwe wakweli: cha maziwa kililazwa na kikawa bora kwa ugali wa wimbi, na cha tui kilikuwa bora kwa wali. Kogo aliomba achiwe nazi mbili. Bibi alimwachia nazi zote zilizosalia, na mbuzi.

Kwa wanaopenda kwenda

Yafuatayo ni machache ya manufaa. Chukueni nguo nzito, soksi na shali, hasa kwa wazee na watoto wachanga, maana usiku ni baridi kweli. Mvua hunyesha kwa wingi tangu Aprili hadi Septemba, mara nyingi alasiri, basi matembezi yafanyeni asubuhi. Siku ya kwanza msiharakishe kupanda vilima. Eldoret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, na mtu wa Pwani huhema kabla hajafika ngazi ya kumi. Mwenye presha au pumu amwone daktari wake kabla ya safari. Udhu wa maji ya alfajiri utawakumbusha fadhila za kutawadha kwa ukamilifu wakati wa taabu. Na wakati mzuri wa kuona mavuno ni kuanzia Oktoba.

Uamuzi

Tulirudi kwa njia ile ile. Bibi hakusema neno mpaka tumepita Timboroa. Kisha akamwita mjukuu wake akae karibu naye, akamtajia masharti, nasi tukasikiliza kama mashahidi wa akdi.

La kwanza, hatapanga chumba peke yake. Atakaa katika bweni pamoja na wasichana wenziwe wa Kiislamu, karibu na chuo, kwa kuwa nyumba ya Shangazi ina vijana wa kiume walio binamu zake, nao si maharimu wake. Mwisho wa juma atakwenda kumjulia hali Shangazi mchana. La pili, hatasafiri safari hii ndefu peke yake. Baba au kaka atampeleka na kumrudisha. La tatu, mwaka wa uchaguzi, mwezi mmoja kabla ya kura, atakuwa Mombasa, hata kama kuna mtihani. "Mtihani hurudiwa," alisema. Binti yetu alitaka kujibu kuhusu mtihani, sisi tukamkonyeza.

Uchaguzi ujao ni wa mwaka 2027, naye bado atakuwa masomoni. Hatujui utakuwaje. Tunajua kwamba begi litafungwa Turbo, na kwamba kuna ghala moja ambalo lilikwisha kuficha amana ya Mwislamu chini ya mahindi. Tumemtegemea Mwenyezi Mungu baada ya kumfunga ngamia, kama tulivyofundishwa.

Binti ameripoti chuoni juma lililopita. Jana alipiga simu kulalamika baridi. Bibi akamwuliza kama amekula. Akasema amekula ugali wa wimbi na mgagani. Bibi akauliza, "Wa maziwa au wa tui?" Akasema wa maziwa, nazi hakuna. Leo asubuhi Bibi ametutuma sokoni Kongowea kununua nazi kumi na mbuzi mpya.

Tuwaombeeni mabinti wetu wote walio mbali, na walioko barabarani. Tukutane juma lijalo, inshaAllah. Wabillahi tawfiq.